Pishi ya Kuazima

Walisema sitaweza. Mjomba wangu alisema mtu aliyeondoka Kisauni kwenda kuosha sufuria za meli hawezi kurudi akafundisha watoto wa watu. Jirani yetu mshona kanzu alisema diploma ya kusuka na kuchonga ni diploma ya kazi ambazo nyanya zetu wanazijua bila kupanda meli. Na Bwana Mwakio, mwalimu mkuu wa shule niliyopangiwa pale Mjambere, Mtaita mrefu asiyependa maneno mengi, aliishika diploma yangu akaigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua samaki kabla ya kununua, kisha akasema:

"Karatasi nzuri, Mwalimu. Lakini mtihani wa darasa la nne haujawahi kumuuliza mtoto asuke kitu."

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi walimu vijana mmeniomba niwaandikie. Sitaandika juu ya vyeo nilivyopata baadaye. Vilikuwa vingi na vimebandikwa ukutani kwangu, anayetaka aje avione. Nitaandika miaka miwili ya mwanzo, ile ya kuelekea Uhuru, kwa sababu wengi wenu mnatumia njia zangu darasani bila kujua zimetoka wapi.

Baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Nilisoma hadi pesa zake zilipoishia, nikapata kazi ya jikoni melini, nikateremka Bombay na shati mbili. Mchana nilikuwa nikihudumu mkahawani, jioni nikisoma, mpaka chuo kimoja cha ualimu nje ya mji kikanipokea. Huko kila somo lilipitia mikononi. Hesabu tulifundishwa kwa kusokota pamba, jiografia kwa kulima bustani, lugha kwa kuigiza. Hakuna aliyenilipia hata senti. Niliporudi nilikuwa mtu wa kwanza mtaani kwetu mwenye diploma, na kwa muda mrefu nikawa wa pekee. Nikisema hivyo sijisifu, nahesabu tu.

Shule ilikuwa na vyumba vitatu. Viwili vya mawe, kimoja cha udongo, na vyote vimeezekwa makuti. Nilipewa darasa la tatu, watoto arobaini na watatu, ubao mmoja, kopo la chaki na fimbo ya mpera. Bwana Mwakio alinieleza mambo kwa ufupi. Watoto hawa ningekwenda nao hadi darasa la nne, na mwisho wa darasa la nne wangefanya mtihani. Aliyefaulu angeendelea darasa la tano katika shule nyingine. Aliyeshindwa, masomo yake yameishia pale pale, akiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja.

"Fanya utakavyo," akasema. "Wakifaulu, darasa ni lako. Wakianguka, nitaandika barua ofisini uhamishwe, na chumba hiki kitarudi kwenye chaki. Sina ugomvi nawe. Nina ugomvi na mtihani."

Nilikubali papo hapo. Mtu mwenye diploma hasiti.

Siku ya kwanza niliingia darasani nikasema kwa sauti ya furaha: "Leo tutajifunza kwa mikono. Haya, nionyesheni mikono yenu!" Watoto arobaini na watatu wakanyosha viganja mbele, wazi, kimya. Wengine wakafumba macho. Ilinichukua muda kuelewa kuwa walikuwa wakingoja kuchapwa. Sikuwa nimefundishwa la kufanya mahali kama hapo. Nikachukua ile fimbo, nikakaa chini sakafuni pamoja nao, nikatoa kisu changu na kuanza kuichonga alama za inchi. Hiyo ndiyo ikawa rula ya darasa. Bwana Mwakio aliitafuta fimbo yake kwa wiki mbili.

Chuoni nilizoea karakana iliyojaa vifaa. Hapa sikuwa na kitu, na ofisi ya elimu ilinijibu kuwa ombi langu limepokelewa, jibu ambalo baadaye nililizoea sana. Basi nikaazima.

Wa kwanza kunisaidia alikuwa Bi Mwanaisha, msuka mikeka aliyekuwa akikaa nyuma ya shule. Mjukuu wake, Saumu, alikuwa darasani kwangu: msichana mwembamba, mwepesi wa kujibu, mzito wa kunyamaza. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba nataka watoto wasuke ukili, ule mshipi mrefu unaounganishwa na kuwa mkeka, ili wajifunze hesabu.

"Weye wajua kusuka?" akaniuliza.

"Nimesomea kazi za mikono, Bi Mwanaisha. Nina diploma."

"Sikukuuliza waitwaje. Nimekuuliza wajua kusuka?"

Sikujua. Diploma yangu ilijua pamba, haikujua ukindu. Alasiri kumi na mbili nilikaa barazani kwake na miyaa, zile nyuzi za majani ya mkindu, mikononi, mtu niliyevuka bahari, na wajukuu wadogo wakinicheka. Nikikosea nilikuwa nikiendelea mbele, nikidhani kosa litafichwa na mistari itakayofuata. Bi Mwanaisha alikuwa akinivuta mkono.

"Rudi hata pale kilipokosea kidole. Fumua. Kosa halisukiwi juu, mwanangu. Latokeza mbele ya watu siku ya kuuza mkeka."

Alinipa ukindu, akaniazima shazia yake, ile sindano pana ya kushonea mikeka. Akanionya kwamba ikipotea nitashona mikeka yake kwa meno. Nikawachukua watoto wakasuka ukili wa miyaa kumi na mmoja, mmoja mwekundu kila baada ya miwili myeupe. Wakaniambia wenyewe ni miyaa mingapi myekundu itahitajika kwa ukili wa pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, kwa pima tano, kwa mkeka mzima. Hapo ndipo jedwali la kuzidisha lilipoacha kuwa wimbo wa kukariri. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa hawezi kusema tatu mara saba ubaoni, lakini ukindu mkononi alikuwa akijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Wa pili alikuwa Fundi Karisa, mwashi wa Kigiriama aliyekuwa akijenga kwa mawe ya Mwakirunge. Aliniazima timazi yake ya zamani, lile pande la risasi lililofungwa kwenye uzi ambalo mwashi hupimia kama ukuta umesimama wima. Akaniambia: "Timazi haidanganyiki, Mwalimu. Ila mtoto akiizungusha kama kombeo, nitamjengea kaburi." Watoto walipima kila ukuta wa shule. Kuta zote zilikuwa sawa isipokuwa ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, ulioinama kwa upana wa vidole vinne. Wakaenda kumwambia, wote kwa pamoja.

"Umesimama miaka minane bila kupimwa," akasema Bwana Mwakio, akaendelea kuandika.

Wa tatu alikuwa Bwana Aboud. Watu wa Mjambere wa siku zile hawahitaji kuelezwa, lakini ninyi vijana nitawaeleza. Duka lake lilikuwa njia panda. Baba yake aliuza pale, na babu yake kabla ya hapo, na watu walikuwa wakimwekea amana zao kuliko kuzipeleka mahali pengine. Aliniazima mizani yenye sahani mbili na mawe yake ya ratili. Baada ya kusita kidogo, akaniazima na pishi ya mbao, kipimo cha nafaka cha baba yake, kilicholainika kwa kushikwa.

"Hii ni amana," akasema. "Irudi kama ilivyotoka."

Basi tukafungua duka la darasani. Mchanga ulikuwa mchele, vifuu vya nazi vilikuwa vibaba, na pishi ya Bwana Aboud ilikaa mezani kama kadhi. Vibaba vinne, pishi moja. Watoto walinunua, wakauza, wakaandikiana barua za kulalamika juu ya bei, na hiyo ikawa insha. Walichora vibao vya duka, na hiyo ikawa mwandiko. Uwanjani tulitengeneza Kisauni nzima kwa udongo na chokaa, na hori, ule mkono wa bahari, na daraja la Nyali la kuelea tulilolitengeneza kwa makopo ya maziwa, watoto wakijifunza kaskazini na kusini kwa kutembea juu ya nyumba zao wenyewe. Siku moja nilileta jiwe la chokaa iliyochomwa lakini bado haijazimwa kutoka tanuri la baba, nikawaweka watoto hatua kumi nyuma, nikalimwagia maji. Lilipochemka bila moto, hakuna aliyepiga kelele. Nilijua somo limeingia. Watoto wakipiga kelele wamefurahi, wakinyamaza wameelewa. Liandikeni hilo.

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza Bwana Mwakio alikuja kukaa nyuma ya darasa kutwa nzima, kofia gotini. Saa za kutoka akanisubiri mlangoni.

"Wanajua," akasema.

"Nilikwambia, Bwana Mkubwa."

"Wanajua kwa mikono. Nimemuuliza yule binti, Saumu, nusu ya robo ni nini. Akanionyesha kwa kukunja mwaa. Sawa kabisa. Nikampa kalamu aandike, akanitazama kama nimempa nyoka." Akavaa kofia. "Mtihani hauna mikono, Mwalimu. Una karatasi tu. Kila walichofanya Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa wakiandike. Usipowavusha kutoka mkononi hadi kwenye karatasi, watabaki ng'ambo."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Ijumaa, nikaanza kufanya alivyosema. Chuo changu hakikunipa ushauri bora kuliko ule, na aliyenipa alikuwa mtu wa chaki na fimbo. Sipendi kulisema, lakini ni kweli.

Darasa la nne lilikwenda vizuri mpaka muhula wa mwisho, miezi mitatu kabla ya mtihani. Hapo nikafanya kosa la pekee la maisha yangu ya kazi, au tuseme la pekee lililojulikana.

Nikiwa mdogo mama yangu aliuza mahindi kando ya mlango. Pishi yake alikuwa akiijaza hadi nafaka isimame juu kama kichuguu. Hiyo inaitwa pishi ya tele. Nilipowafundisha watoto, niliandika ubaoni kuwa pishi imetimia pale kichuguu kinaposimama. Nilisahau kabisa, miaka mingi ugenini imenifuta kichwa, kuwa dukani pishi haiuzwi hivyo. Dukani hujazwa, kisha hupitishwa kijiti juu ya mdomo wake na nafaka iliyozidi ikaanguka. Hiyo ni pishi ya mfuto. Kila mama wa Pwani anaijua tofauti, na bei zinatofautiana kwa ajili hiyo. Mwalimu mwenye diploma hakuuliza.

Jumamosi moja Saumu alitumwa mchele. Duka lilikuwa limejaa, na waliojaa siku ile walikuwa zaidi wafanyakazi wa bandarini waliotoka bara, wageni wa mji. Bwana Aboud akajaza pishi yake ya pili, akapitisha kijiti, akamimina katika kikapu cha Saumu.

"Ami," akasema Saumu, "hii haijatimia."

"Haijatimia vipi, mwanangu?"

"Haina kichuguu. Mwalimu amesema pishi bila kichuguu imepungua."

Mtu mmoja wa bandarini, jina lake Ouma, mtu wa mwili na sauti, akageuka. "Sikieni mtoto! Ati imepungua! Na mimi nanunua hapa tangu Pasaka!"

"Kumbe tunaibiwa!" akadakia mwingine.

"Nyamazeni," akasema Bwana Aboud. Akamtazama Saumu. "Nani kakufundisha hayo?"

"Mwalimu Hamisi, Ami."

"Na hiyo pishi ya kukufundishia, kaitoa wapi?"

"Kwako, Ami."

Walicheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Kumwambia mfanyabiashara wa Kiislamu, mbele ya watu, kwamba anapunja kipimo ni kumvua nguo. Dini yetu imewaonya vikali wanaopunja, na Bwana Aboud alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini.

Jumatatu alikuja shuleni, amevaa kanzu na koti kana kwamba anakwenda mazishini. Hakunijibu salamu zaidi ya ile ya wajibu.

"Nilikuazima pishi ya baba yangu," akasema. "Hukunambia wataka kunifanyia korti." Akachukua mizani kwa mkono mmoja na pishi kwa mwingine, watoto wakimtazama, akatoka.

Alasiri hiyo Fundi Karisa akaja kuchukua timazi. Hakutaka kunitazama usoni. "Mimi nakula kwa mkopo pale dukani, Mwalimu. Unielewe." Jioni Bi Mwanaisha akamtuma Saumu kuichukua shazia, na yeye mwenyewe akaja nyuma yake.

"Mtoto huyu atakaa kwangu asuke," akasema. "Shule gani hini ya kumfunza kutukana watu wazima? Nina mikeka saba ya harusi."

"Bi Mwanaisha, mtihani ni mwezi wa kumi na moja."

"Na harusi ni mwezi ujao."

Saumu alisimama kando, kichwa chini. Nilijua kuwa akitoka leo harudi, na wasichana wengine wanne watamfuata, maana wote walikuwa wakimtazama yeye. Bwana Mwakio aliniita ofisini, akanielekeza kiti kilicho karibu na ule ukuta ulioinama.

"Chukua chaki," akasema. "Miezi mitatu inatosha kukaririsha. Barua ya uhamisho sijaiandika."

Nilimwuliza kama angenipa siku moja. Akauliza ya nini. Nikamwambia nakwenda kufumua.

Diploma haikuwa imenifundisha kuomba radhi. Nilijifunza peke yangu siku ya Ijumaa baada ya sala, njiani kati ya msikiti na duka, mwendo ambao kwa kawaida ni dakika tatu. Nilikwenda na darasa zima, safu mbili, wakiwa na Saumu mbele, ambaye nyanya yake alimruhusu atoke ili aombe radhi, naye nyanya akafuata nyuma ili asikie mwenyewe. Watu walikuwa wametoka sala, na Ouma na wenzake walikuwa wakinunua tumbaku.

"Assalaamu alaikum," nikasema.

"Wa alaikum salaam," wakaitikia wote, isipokuwa Bwana Aboud, aliyeitikia kwa kidevu.

"Mimi ni Hamisi, mwalimu wa watoto hawa. Nina diploma ya Bombay, na nimewafundisha vibaya. Pishi ya dukani ni ya mfuto. Mimi niliwafundisha tele peke yake. Bwana Aboud hajapunja. Aliyepunja ni mimi, nimewapunja watoto nusu ya somo. Namwomba radhi, na mtoto huyu hana kosa."

Kisha Bi Mwanaisha akasema kutoka nyuma, kwa sauti yake ile ya baraza: "Haya. Sasa suka upya."

Nikamwomba Bwana Aboud pishi. Akaitoa chini ya meza. Saumu akaijaza mchele hadi kichuguu kikasimama, akapitisha kijiti, akakusanya kilichoanguka kwenye sahani. Akafanya mara ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Halafu akamimina vichuguu vyote vitano ndani ya pishi tupu. Vikaijaza sawasawa hadi mdomoni.

"Kwa hiyo kichuguu ni nini cha pishi?" nikauliza.

"Moja ya tano," wakasema nusu ya darasa.

"Moja ya sita!" wakasema wengine.

Ugomvi ukazuka pale pale dukani, na nikauacha uzuke. Mpaka Saumu akasema, bila kuinua sauti: "Wote mko sawa. Ni moja ya tano ya mfuto, lakini ni moja ya sita ya tele. Inategemea unaanza kuhesabu wapi."

Ouma alikuwa akifuata kwa vidole vyake. "Huko kwetu hakuna kufuta," akasema. "Ukifuta, tunapigana."

"Ndiyo sababu bei yangu iko chini ya bei ya vibandani, ndugu yangu," akasema Bwana Aboud. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Waulize hawa. Wapige hesabu."

Watoto wakaandika kwa chaki kwenye sakafu ya saruji ya duka. Bei ya mfuto hapa, bei ya tele kwa mama wa kibandani, kipi nafuu. Ikatoka kuwa dukani ni nafuu, kwa kiasi kidogo sana, lakini nafuu. Ouma akaitazama hesabu ile, akasoma tena, akanyosha mkono juu ya meza. Bwana Aboud akaupokea. Aliponigeukia mimi, pishi ilikuwa mkononi mwake.

"Chukua," akasema. "Na mizani uje uichukue kesho. Ila mara hii, ukitaka kujua jambo la dukani, uliza dukani."

Fundi Karisa alirudisha timazi kabla ya magharibi. Bi Mwanaisha hakurudisha shazia mara moja. Alinirudishia Saumu kwanza, shazia baadaye, kwa sharti kwamba asuke mikeka ya harusi kila alasiri. Nikakubali. Nikamwachia Saumu insha za wiki ile, akaziandika akiwa amekaa juu ya mikeka. Ijumaa zote zilizobaki tuliandika. Sikumpenda Bwana Mwakio zaidi, lakini nilimsikiliza zaidi.

Mtihani ulifanywa katika shule nyingine, mwendo wa saa moja kwa miguu. Mimi nilikaa nje chini ya ukuta. Watoto walipotoka, niliwauliza mmoja mmoja, nao wakanijibu kama watoto wanavyojibu: "Rahisi," "Sijui," "Nilisahau jina langu kisha nikalikumbuka." Saumu alitoka mwisho, vidole vyake vikiwa vinacheza hewani.

"Wafanya nini?"

"Abee, Mwalimu. Nasuka. Swali la saba. Naangalia kama nilikosea." Akasuka hewa kidogo zaidi, akasimama. "Sikukosea."

Matokeo yalifika mwanzo wa mwaka uliofuata, ule mwaka ambao bendera ilibadilishwa. Bwana Mwakio aliyasoma uwanjani mbele ya wazazi, juu ya ile Kisauni yetu ya udongo ambayo mvua ilikuwa imeila nusu. Alisoma jina moja moja. Alipofika katikati alisita, akafuta miwani, akarudi juu akaanza kuhesabu kwa kidole. Kisha akaendelea. Jina la Saumu lilikuwamo. Majina ya wasichana wale wanne yalikuwamo matatu. Alipomaliza akakunja karatasi.

"Ni wengi kuliko mwaka wowote niliokuwa hapa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino. Kisha akanigeukia. "Darasa la tatu jipya lina watoto hamsini na moja, Mwalimu. Darasa ni lako."

Mjomba wangu alikuwapo pale. Nilimtafuta kwa macho mpaka nikampata, na sikumwacha kumtazama hadi akatazama pembeni. Mwanadamu ana haki ya furaha ndogo.

Muhula ule ule ofisi ya elimu ilituletea sanduku. Mizani, vipimo vya bati, mikasi, kamba, na barua ya kusema ombi langu limeshughulikiwa. Hivyo nikaona ni wakati wa kurudisha vya watu. Na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiazima bakuli, unalirudisha na kitu ndani, hata kama ni embe moja. Nilitoka Jumamosi asubuhi pamoja na wale waliofaulu, ambao walikuwa karibu kuondoka kwenda shule zao mpya.

Kwa Fundi Karisa tulikwenda na timazi iliyofungwa uzi mpya wa kumbi la nazi uliosokotwa na wavulana wawili. Aliuvuta kwa nguvu zake zote juu ya jukwaa lake la ujenzi, haukukatika. Akasema amekwishapata vibarua wake wa baadaye, wavulana wakasema wanakwenda darasa la tano. "Basi baada ya hapo," akasema.

Kwa Bi Mwanaisha, shazia ilichomekwa kwenye ukili wa pima moja, kazi ya darasa zima. Aliupitisha kati ya vidole, akafika mahali, akafumua mstari mmoja, akausuka upya mwenyewe. "Hapa tu," akasema. Kwake hiyo ni sifa.

Mwisho tukafika kwa Bwana Aboud. Njiani watoto walibishana kuhusu pishi. Irudi na mchele, lakini iwe tele au mfuto? Mmoja alisema zawadi ni tele. Mwingine akasema kichuguu kitamwagika barabarani, na kurudisha amana iliyomwagika ni aibu. Niliwaachia waamue. Wakaamua mfuto, na kile cha juu wakakipima peke yake, moja ya tano kamili, wakakifunga katika kipande cha gazeti.

Bwana Aboud aliipokea mizani, akaiweka. Akaipokea pishi, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akatafuta ufa, hakuuona.

"Na hiki nini?" akauliza, Saumu alipomnyoshea kifurushi cha gazeti.

"Kichuguu, Ami."

Akakifungua. Akamimina mchele ule juu ya pishi polepole sana, kiganja kimezunguka mdomo wa pishi. Kichuguu kikasimama. Hakuna punje iliyoanguka, na katika gazeti haikubaki hata moja.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Huna deni langu."